Li Na: Bingwa aliyecheleweshwa, si aliyechelewa

AGOSTI 3, 2024, kwenye udongo mwekundu wa Roland Garros jijini Paris, binti wa Kichina mwenye umri wa miaka 21, Zheng Qinwen, alimfunga Donna Vekic wa Croatia kwa seti mbili bila na kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa mchezaji mmoja mmoja. Hakuna mchezaji wa tenisi kutoka China aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Siku ile ile, kila aliyezungumzia ushindi huo alilitaja na jina jingine, la mwanamke aliyekuwa ameshastaafu kwa miaka 10: Li Na.

Ulinganisho wa wawili hao unafundisha kuliko sifa walizomwagiwa. Wote ni wa jimbo la Hubei, na wote walikuzwa na mchezo ule ule. Lakini Li Na, alipokuwa na umri huo wa miaka 21, hakuwa uwanjani kabisa. Alikuwa amekwishaondoka katika timu ya taifa, amejiandikisha katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Huazhong mjini Wuhan kusomea uandishi wa habari, na jina lake lilikuwa linafutika taratibu katika orodha ya ubora ya dunia. Taji lake la kwanza kubwa alikuja kulipata akiwa na miaka 29. La pili alilipata akiwa amebakiza mwezi mmoja tu kutimiza miaka 32, umri ambao wachezaji wengi wa kike wa kizazi kilichomtangulia walikuwa wamekwishatundika raketi.

Ni rahisi kuieleza safari hiyo kwa methali ya mvumilivu kula mbivu, na ndivyo wengi walivyoieleza. Kwamba binti wa Wuhan alisubiri, akavumilia, hatimaye tunda likaiva. Tatizo la maelezo hayo ni kwamba hayasemi nani alikuwa ameushika mti. Ukiipanga miaka ya Li Na kwa tarehe, utaona kwamba kipaji hakikuchelewa kukomaa. Kilichochelewa ni haki ya mwenye kipaji kuamua nani amfundishe, acheze wapi na ni kiasi gani cha jasho lake kibaki mfukoni mwake.

Li Na alizaliwa Februari 26, 1982. Baba yake, Li Shengpeng, alikuwa mchezaji wa mpira wa vinyoya, mchezo unaofanana na tenisi ila hutumia kijipira chepesi chenye manyoya, na ndoto yake ya kufika mbali ilikatizwa na vurugu za Mapinduzi ya Utamaduni. Kama ilivyo kwa wazazi wengi waliokatizwa njia, alimwelekeza mtoto wake kwenye mchezo huo huo. Binti alianza akiwa bado mdogo mno, hata kabla ya kufikisha miaka saba. Kabla ya kutimiza miaka 10 akahamishiwa tenisi, mchezo ambao wakati huo ulikuwa mgeni kabisa kwa familia nyingi za China. Hakuuchagua, na wala hakuulizwa.

Akiwa na miaka 14 alifiwa na baba yake. Ugonjwa uliomuua ulikuwa umeiachia familia madeni, na tenisi ikageuka kuwa kazi kabla haijawa mapenzi. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka China mwaka 2012, Li Na anaeleza malezi ya uwanjani ambayo ndani yake mtoto alisahihishwa kwa kukaripiwa, na neno la sifa lilikuwa adimu kuliko mvua ya kiangazi. Jambo hilo si la kupitwa haraka, kwa kuwa lina uhusiano wa moja kwa moja na yaliyomkuta miaka 15 baadaye.

Mfumo uliomlea ulikuwa na mantiki yake. China iliiga utaratibu wa Urusi ya zamani: serikali huchagua watoto, huwalaza, huwalisha na kuwafundisha, na wao huilipa serikali kwa medali. Kipimo kilikuwa Olimpiki na michezo ya taifa ambamo majimbo hushindana. Mashindano makubwa manne ya tenisi, yaani ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, yalikuwa mbali na mahesabu ya maofisa. Wao waliona njia fupi zaidi: wanawake wawili wawili. Na kwa kipimo chao hawakukosea. Mwaka 2004 mjini Athens, Li Ting na Sun Tiantian walitwaa dhahabu ya wawili wawili, na mwaka 2006 Zheng Jie na Yan Zi wakatwaa mataji ya Australia na Wimbledon katika aina hiyo hiyo. Mchezaji aliyetaka kujijenga peke yake, kwa kalenda yake na kwa mwili wake, alionekana msumbufu.

Mwishoni mwa mwaka 2002 msumbufu huyo aliondoka. Alikuwa na miaka 20. Maofisa hawakupendezwa na uhusiano wake na mchezaji mwenzake Jiang Shan, ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe, na yeye hakupendezwa na maisha ambayo hata mapenzi yanaombewa ruhusa. Wawili hao wakaenda chuoni. Kwa mwanariadha wa nchi nyingine miaka miwili ya kukaa nje ingekuwa habari ya kawaida ya majeraha au uchovu. Kwa mchezaji wa timu ya taifa ya China ya wakati ule kilikuwa kitendo cha ukaidi, na kuna wanaoamini kwamba ndicho kilichomwokoa, kwa sababu mwili wake ulipumzika katika umri ambao wenzake walikuwa wakisagwa.

Aliyemrudisha ni mwanamama Sun Jinfang, nyota wa zamani wa mpira wa wavu aliyekabidhiwa usimamizi wa tenisi nchini humo. Li Na alirejea mwaka 2004 bila nafasi yoyote katika orodha ya ubora, akaanzia mashindano madogo kabisa, na akashinda michezo 26 mfululizo. Kabla mwaka haujaisha alitwaa ubingwa wa Guangzhou akitokea hatua ya mchujo, na kuwa Mchina wa kwanza kushinda taji la mchezaji mmoja mmoja la Chama cha Tenisi cha Wanawake Duniani (WTA).

Hapo ndipo swali linapoanza kuuma. Mchezaji anayeweza kurudi kutoka darasani na kufanya hayo katika msimu mmoja alikuwa na kipaji cha kiwango gani? Na kwa nini ilimchukua miaka saba zaidi kufika kileleni?

Sehemu ya jibu ni majeraha. Mwaka 2006 alifika robo fainali ya Wimbledon, Mchina wa kwanza kufika hatua hiyo katika mashindano makubwa kwa mchezaji mmoja mmoja, na ilionekana mlango umefunguka. Mwaka uliofuata mbavu zikamweka nje kwa miezi mingi. Mwaka 2008 goti la kulia likapasuliwa. Goti hilo lilipasuliwa mara tatu kabla hajastaafu, na mara ya nne ikawa goti la kushoto.

Sehemu nyingine ya jibu ni daftari la hesabu. Kabla ya kuisha kwa mwaka 2008, mchezaji wa China aliikabidhi mamlaka ya michezo kiasi cha asilimia 65 ya alichokipata. Kwa upande wake mamlaka ililipia safari, makocha na matibabu, na ndiyo iliyopanga vyote hivyo. Kocha alikuwa wa timu, si wa mchezaji. Ratiba iliandikwa ofisini. Anayefuatilia tenisi ya kulipwa anafahamu kwamba huo ni mchezo wa upweke: mchezaji husafiri kwa wiki 30 au zaidi kwa mwaka, na tofauti kati ya namba 30 na namba tano kwa ubora mara nyingi ni kocha anayemjua mchezaji wake mmoja tu, tabibu wa viungo anayelala hoteli ile ile, na uamuzi wa kutocheza wiki ambayo goti linauma. Vitu vyote hivyo hununuliwa kwa fedha, na Li Na hakuwa na mamlaka juu ya fedha zake.

Olimpiki ya Beijing ya Agosti 2008 ilikuwa mwisho wa zama hizo. Mbele ya umma wa nyumbani Li Na alimtoa Venus Williams katika robo fainali, kisha akafungwa na Dinara Safina wa Urusi katika nusu fainali na kumaliza wa nne. Wengi wanakumbuka zaidi kwamba katikati ya mchezo na Safina aliwageukia watazamaji wa nchi yake, waliokuwa wakimpigia kelele za ushauri na kumshangilia wakati usiofaa, akawataka wanyamaze. Magazeti ya China yalimjia juu. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kucheza mbele ya umati unaoamini kwamba mchezaji ni mali yake ataelewa kilichomtoka.

Michezo ilipopita na medali zilipohesabiwa, Sun Jinfang alifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa ofisa wa serikali. Aliwaruhusu wachezaji wanne, Li Na, Zheng Jie, Yan Zi na Peng Shuai, kujitegemea. Wachina waliuita utaratibu huo kuruka peke yako. Wachezaji wangejichagulia makocha na mashindano, wangejilipia gharama zote, na mchango wao kwa serikali ungeshuka hadi kati ya asilimia nane na 12. Haikuwa zawadi tupu. Mchezaji aliyeumia au kuporomoka angebaki na ankara zake mwenyewe, na wakati huo Li Na alikuwa anakaribia miaka 27 akiwa na goti lililokwishapasuliwa. Wakala makini wa bima asingemwandikia sera.

Tazama kilichofuata. Alimwajiri Thomas Högstedt, kocha kutoka Sweden. Alimaliza mwaka 2009 akiwa namba 15 duniani. Januari 2010 aliingia nusu fainali ya Australia baada ya kumtoa tena Venus Williams, na katika nusu fainali hiyo alifungwa na Serena kwa seti mbili zilizoamuliwa zote kwa taibreka. Zheng Jie naye alifika nusu fainali ya mashindano hayo hayo. Wachina wawili kati ya wanne wa mwisho, na wote wawili walikuwa miongoni mwa wale walioachiwa kamba miezi 13 tu iliyotangulia. Januari 2011 Li Na alifika fainali mjini Melbourne baada ya kuokoa pointi ya kuaga mashindano dhidi ya Caroline Wozniacki, aliyekuwa namba moja. Alichukua seti ya kwanza ya fainali, kisha Kim Clijsters wa Ubelgiji akamzidi katika mbili zilizofuata. Safari hii pia alimlalamikia mwamuzi kuhusu Wachina waliokuwa jukwaani, waliojaribu kumfundisha kucheza.

Juni 4, 2011, mjini Paris, yote yakatimia. Katika njia ya kwenda fainali alikuwa amewatoa Petra Kvitova, Victoria Azarenka na Maria Sharapova, na siku ya mwisho akamkuta bingwa mtetezi, Francesca Schiavone wa Italia. Ilikuwa fainali ya wachezaji wa makamo: Schiavone mwenyewe alilipata taji lake la kwanza na la pekee mwaka uliotangulia, zikiwa zimebaki wiki chache atimize miaka 30. Li Na alishinda 6-4, 7-6, na katika taibreka ya seti ya pili hakumwachia Mwitaliano hata pointi moja. Inakadiriwa kwamba watu milioni 116 waliutazama mchezo huo nchini China kwa televisheni. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka nchi ya Asia kushinda taji kubwa la mmoja mmoja.

Kwa haki, uhuru peke yake hauelezi kila kitu. Kipindi kile kile tenisi nzima ilikuwa inazeeka kwa heshima. Flavia Pennetta alitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 2015 akiwa na miaka 33 na kutangaza kustaafu papo hapo uwanjani. Angelique Kerber wa Ujerumani alipata taji lake la kwanza kubwa mwaka 2016 akiwa na 28. Kwa wanaume, Stan Wawrinka wa Uswisi, aliyeishi miaka mingi katika kivuli cha Roger Federer, alishinda taji la kwanza akiwa na 28, la pili akiwa na 30 na la tatu akiwa na 31. Utabibu wa michezo uliboreka, zawadi zilinona, na mchezaji wa miaka 30 alikuwa na uwezo wa kusafiri na kundi la wataalamu ambalo zamani lilikuwa anasa ya watu wawili au watatu duniani. Lakini hoja hiyo ikichunguzwa vizuri inarudi pale pale. Mabadiliko hayo yalimfaa aliyeweza kuyalipia na kuyachagua, na Li Na asingeyafaidi kama angebaki chini ya asilimia 65.

Vilevile si haki kuufanya mfumo wa serikali kuwa shetani asiye na jema. Bila mfumo huo, mtoto wa familia ya kawaida ya Wuhan katika miaka ya 1980 asingeshika raketi. Mpigo wake wa mkono wa nyuma, ulionyooka, wa mapema, unaoupiga mpira ukiwa bado unapanda, ulitengenezwa kwa maelfu ya saa ambazo mzazi wa Marekani angezilipia fedha nyingi. Serikali ililipia. Li Na hakulikana jambo hilo.

Alichokidai kwa muda mrefu ni gharama iliyobaki ndani. Baada ya Paris, ungetarajia ushindi ufuatane. Badala yake alitolewa raundi ya pili Wimbledon na raundi ya kwanza Marekani, na sehemu iliyobaki ya mwaka 2011 akashinda michezo ya kuhesabika kwa vidole. Wadhamini walikuwa wamejaa, nyuso zake zilikuwa kwenye mabango ya miji ya China, na uwanjani alikuwa anaporomoka akiwa mbele kwa pointi. Wachambuzi wengi walisema ameshiba. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mchezaji aliyelelewa asisifiwe anajua kupigana akiwa nyuma, maana ndiyo hali aliyoizoea. Hajui afanye nini akiwa mbele, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anastahili kuwapo hapo. Kumbukumbu ya kukaripiwa haifutwi na kombe moja.

Agosti 2012 alimpata mtu aliyelielewa hilo. Carlos Rodríguez, Muargentina aliyemlea Justine Henin hadi akatwaa mataji saba makubwa, alikuwa amefungua kituo cha mafunzo Beijing. Alimfanyisha Li Na mazoezi magumu kuliko aliyopata kuyafanya akiwa na miaka 20, akamsukuma aje zaidi mbele kwenye wavu, akaurekebisha mpigo wake wa kuanzisha. Muhimu zaidi, alimtaka aseme yaliyomsibu utotoni badala ya kuyameza. Jiang Shan, mume aliyekuwa pia kocha kwa vipindi na ambaye mke wake alikuwa akimfokea jukwaani dunia nzima ikitazama, alipumzishwa mzigo na kurudi kuwa mume. Ukweli usemwe, ndoa chache zingelistahimili jukwaa hilo.

Matunda yalionekana mara moja kwa ubingwa wa Cincinnati mwezi huo huo. Januari 2013 alifika tena fainali ya Australia, akateguka kifundo cha mguu mara mbili, na katika kuanguka kwa pili kichwa kikagonga sakafu ya uwanja. Alipoteza kwa Azarenka katika seti tatu. Alimaliza mwaka huo akiwa namba tatu, nafasi ambayo hakuna mchezaji wa Asia aliyekuwa ameifikia.

Ndipo ikaja Januari 2014, naye amebakiza wiki chache kufikisha miaka 32. Katika raundi ya tatu Lucie Safarova wa Jamhuri ya Czech alikuwa na pointi ya kumtoa. Mpira wake wa mkono wa nyuma ulitoka nje kwa sentimita chache. Li Na alishinda mchezo huo, akaendelea bila kupoteza seti nyingine hadi fainali, na Januari 25 akamfunga Dominika Cibulkova wa Slovakia 7-6, 6-0. Wakati huo hakuna mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wake aliyekuwa ametwaa ubingwa wa Australia tangu tenisi ifunguliwe kwa wachezaji wa kulipwa. Katika hotuba yake alimshukuru wakala wake kwa kumtajirisha, na akamwambia mumewe, kwa utani, kwamba ni mtu mwema na tena mwenye bahati kwa kumpata yeye. Uwanja ulicheka. Serikali hakuitaja. Siku iliyofuata, kwenye uwanja huo huo, Wawrinka alimfunga Rafael Nadal na kupata taji lake la kwanza. Mashindano yale yalikuwa ya waliochelewa.

Kilichotokea aliporejea nyumbani kinastahili kukaliwa kidogo. Viongozi wa jimbo la Hubei walijipanga kumpokea uwanja wa ndege wa Wuhan, tukio ambalo si geni kwa yeyote anayefuatilia michezo katika nchi yoyote, na wakamkabidhi hundi kubwa ya kuonyesha mbele ya kamera, yenye kiasi cha yuan 800,000. Picha iliyosambaa ilimwonyesha Li Na akiwa ameshika hundi hiyo kwa uso usio na tabasamu hata la adabu. Wachina waliijadili kwa siku kadhaa mitandaoni. Wapo waliomwita asiye na shukrani. Lakini wengi, na hili ndilo jipya, waliwageukia maofisa: kwa nini fedha za walipa kodi zimpe zawadi mchezaji tajiri aliyekwisha kujitegemea kwa miaka mitano, na kwa nini kiongozi atafute picha katika ushindi ambao hakuugharimia? Swali la nani mwenye ushindi, ambalo mwaka 2008 lilikuwa la watu wanne ofisini kwa Sun Jinfang, lilikuwa sasa linaulizwa na umma.

Februari 2014 alipanda hadi namba mbili duniani. Jarida la Forbes lilikadiria mwaka huo kwamba mapato yake yalifikia dola milioni 23.6, akizidiwa na Sharapova pekee miongoni mwa wanamichezo wa kike. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na matangazo. Mwili, hata hivyo, haukuwa tayari kusubiri. Julai goti la kushoto lilipasuliwa, na Septemba 19, 2014 alitangaza kustaafu, akiwa na mataji tisa ya WTA, michezo 503 ya ushindi na 188 ya kushindwa. Kilele chake halisi, ukihesabu kuanzia Rodríguez hadi goti la mwisho, kilidumu kwa chini ya miaka miwili. Mwaka 2019 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Tenisi mjini Newport, Marekani, mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Asia kupewa hadhi hiyo.

Miaka 10 na zaidi tangu astaafu, mavuno ya yale maamuzi ya 2008 yanaonekana katika pande mbili zisizofanana.

Upande mmoja ni fedha na wachezaji. Tenisi ya wanawake ilihamia China kwa kasi: mwaka 2019 mashindano tisa ya WTA yalifanyika huko, na fainali za mwaka za Shenzhen zilikuwa na zawadi ya dola milioni 14, kiasi ambacho mchezo wa wanawake ulikuwa haujapata kukiona. Kizazi kilichofuata kilikulia katika utaratibu ambao kwa Li Na ulikuwa muujiza. Zheng Qinwen alipita utotoni katika mikono ya Carlos Rodríguez yule yule, kisha akaenda Hispania kwa kocha Pere Riba. Familia ilichagua, familia ikalipa, na akiwa na miaka 21 alikuwa na fainali ya Australia na dhahabu ya Olimpiki. Ndiyo maana hesabu ya umri kati yake na Li Na haipimi vipaji. Inapima miaka ambayo mmoja alinyang'anywa.

Upande wa pili una jina la Peng Shuai, mmoja wa wale wanne. Naye alitumia uhuru wake vizuri, akawa namba moja duniani kwa wachezaji wa wawili wawili Februari 2014, mwezi ule ule Li Na alipokuwa namba mbili. Novemba 2, 2021 aliandika mtandaoni maneno yaliyomtuhumu Zhang Gaoli, aliyekuwa makamu wa waziri mkuu, kwamba alimlazimisha kimapenzi. Andiko liliondolewa katika muda usiofika nusu saa, na kwa zaidi ya wiki mbili hakuonekana hadharani. Baadaye aliliambia gazeti la Ufaransa la L'Équipe kwamba hakueleweka na hakumtuhumu mtu kwa shambulio la kingono. WTA haikuridhika; ilidai uchunguzi ulio wazi na Desemba 2021 ikasimamisha mashindano yake yote China. Uchunguzi uliotakiwa haukufanyika. Aprili 2023 chama hicho kilitangaza kurudi, na Septemba mwaka huo mashindano yakaanza tena.

Mji wa Wuhan, ambao mashindano yake yalizinduliwa mwaka ule ule Li Na alipostaafu, ulirejeshwa kwenye kalenda Oktoba 2024. Fainali ilimkutanisha Zheng Qinwen na Aryna Sabalenka wa Belarus mbele ya umati uliojaa, na Sabalenka akashinda kwa seti tatu. Magazeti ya kesho yake hayakuwa na habari ya mchezaji wa nyumbani kuwanyamazisha watazamaji wake.